Kimya si sifuri, jamani

Kuna ushauri unaozunguka kati yetu waandika programu na naomba tuuzike leo. Eti elementi ya hiari ikikosekana kwenye XML, "weka sifuri tu, programu isianguke". Ushauri huu ni mbaya, na si mbaya kidogo.

Chukua zahanati yoyote ya Kwale, kuanzia hapa Kombani njia panda hadi ndani huko Kinango. Kila wiki inatakiwa kujaza fomu ya MOH 505: wagonjwa wangapi wa kipindupindu, wangapi wa surua, wangapi waliopooza ghafla, na kadhalika. Kanuni ni kwamba kama hakuna mgonjwa, andika 0, usiache wazi. Kwa nini? Kwa sababu 0 ni habari. Mtu amefungua daftari, ametazama, hakuona kitu. Nafasi wazi yaweza kuwa muuguzi yuko likizo, au ukurasa umeraruka. Watu wa afya walilijua hili tangu enzi za karatasi. Sisi wenye kompyuta ndio tuliokuja kuliharibu.

Tazama linavyoharibika. Skima inasema minOccurs="0", yaani elementi yaweza kukosekana. Mwenzetu wa Java anaandika klasi yake ya JAXB:

private int surua;

XML ikija bila <surua>, JAXB haiugusi uga huo, na uga wa int usioguswa ni 0. Hakuna hitilafu, hakuna onyo kwenye logi. Zahanati iliyonyamaza imegeuka zahanati isiyo na surua. Ofisa anayesoma grafu anaona mstari umelala chini, anapeleka watu wake kwingine. Na dawa yake ilikuwa kuandika Integer badala ya int, upate null. Herufi nne zaidi!

Wengine hukimbilia kuandika default="0" kwenye skima. Hao hawajaisoma. Kwa atributi, default hutumika atributi inapokosekana. Kwa elementi, hutumika pale tu elementi ipo lakini ni tupu. Kwa hiyo iliyokosekana hujaitibu, na iliyoachwa wazi umeigeuza sifuri. Halafu usipoandika minOccurs kabisa, XML Schema huhesabu 1, si 0. Hata skima yenyewe haichukulii kimya kuwa sifuri.

Tena hali si mbili, ni tatu. ODK, iliyoanza 2008 na ambayo wengi wetu tumekusanyia data kwa simu, hutumia XForms. Swali lisilomhusu mtu (mwanamume haulizwi mimba) elementi yake haitumwi. Swali lililoulizwa likakosa jibu, elementi yake huja tupu. Lililojibiwa sifuri huja na 0. Habari tatu, nawe unazitia zote kwenye int moja! JAXB huweza kuzitenganisha ukiweka minOccurs="0" pamoja na nillable="true", na anayetuma akaandika xsi:nil="true" badala ya kuacha tupu: inakutengenezea JAXBElement<Integer>. Kila mtu huilaani kwa sura yake mbaya, nami siipendi. Lakini ni mbaya kwa sababu jambo lenyewe ni gumu, na haijifanyi ni jepesi.

Ugonjwa huu una upande wa pili. DHIS2, iliyoenea Kenya nzima mwaka 2011, kwa kawaida haihifadhi sifuri mpaka anayeipanga aseme sifuri ya kipengele hicho ina maana. Nia ni kuokoa nafasi, naielewa. Ila akisahau kuweka alama hiyo, muuguzi aliyefungua daftari na kuandika 0 anaonekana hakuandika kitu. Kwanza tulimpa sifuri aliyenyamaza, sasa tunamnyang'anya aliyesema.

"Lakini null itaangusha programu." Wacha ianguke! NullPointerException itakuamsha usiku na utaiona mstari gani. Sifuri ya uongo haimwamshi mtu. Wala msiniletee Tony Hoare. Kweli, mwaka 2009 aliita null kosa lake la dola bilioni, lakini dawa yake ni kompaila kukulazimisha uangalie kabla ya kutumia. Hakusema ujaze sifuri. Tangu 2014 Java ina Optional. Acha uga uwe Integer, getter yako irudishe Optional, kisha anayejumlisha aamue mwenyewe afanye nini na zahanati iliyonyamaza.

Nakubali jambo moja. Punguzo kwenye ankara likikosekana, ni sifuri kweli, duka zima linajua. Basi hapo iandikwe kwenye maelezo ya skima na mwenye data, isiamuliwe na aina ya uga aliyoichagua mtu saa kumi na moja jioni akiwahi matatu ya Likoni.