BUSTANI KWA WASIO NA KABURI



Ndugu yangu katika imani, ikifika tarehe 10 Septemba kuna nyumba Unguja na Pemba ambazo haziulizi leo tarehe ngapi. Zinajua. Usiku wa kuamkia siku hiyo mwaka 2011, siku chache baada ya Idi, meli ya MV Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, Ramadhani ikiwa mlangoni, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam. Wapo tuliowapata, tukawaosha na tukawazika. Wapo ambao bahari haijawarudisha mpaka leo.

Nikuulize: mama ambaye mwanawe hana kaburi, aende wapi kumzuru?

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Muislamu aliyekufa maji ana daraja ya shahidi. Alhamdulillah, hilo linapoza moyo. Lakini sisi tuliobaki, tumewafanyia nini? Wengine wanasema tujenge mnara. Mimi rai yangu ni nyingine: tuwapandie bustani.

Dalili iko wazi. Sahaba Saad bin Ubada (r.a.) alifiwa na mama yake naye hayupo, yuko safarini. Aliporudi alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama sadaka atakayoitoa itamfaa mama yake. Akajibiwa ndiyo. Basi Saad akaitoa bustani yake iwe sadaka kwa ajili ya mama. Ameipokea Imamu Bukhari. Na katika hadithi nyingine tumefundishwa kuwa kila ndege, mtu au mnyama anayekula katika alichopanda Muislamu, hiyo ni sadaka kwa aliyepanda. Jiwe la mnara litamlisha nani?

Na hili si geni kwetu. Tembea mjini uyasikilize majina: Mkunazini, Kikwajuni, Miembeni. Wazee waliishi na miti mpaka mitaa ikachukua majina yake. Leo jina tunalo, mti wenyewe uutafute.

Sasa, tupande nini? Si maua ya hotelini yanayodai mpira wa maji asubuhi na jioni. Tupande miti iliyoizoea ardhi hii na jua lake: mkwaju, mbuyu, mfuru, mtondoo, na mbungo tuutafutie pa kuparamia. Watoto wale furu, ndege nao wapate chao. Na juu ya yote tupande mkunazi. Unajua kwa nini. Majani yake ndiyo tunayooshea maiti zetu. Waliobaki baharini hawakuoshwa kwa mkunazi. Angalau tuupande kwa ajili yao.

Hapa lazima nikiri kosa langu. Mwaka mmoja niliwahamasisha vijana tupande miti. Walikuja wengi, tulipiga picha, tukala na pilau. Kiangazi kilipoingia hakuna aliyekwenda na ndoo, na mimi mwenyewe sikwenda. Miche ilikauka yote. Nilijifunza kwamba kupanda ni kazi ya asubuhi moja, kumwagia ni kazi ya miaka. Anayejitolea siku ya picha peke yake hajajitolea.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Septemba tusipande, ardhi bado kavu. Tuchimbe mashimo, tutie samadi. Vuli ikishika ndipo tupande. Kila familia iliyofiwa ichague mti wake, na kila mti uwe na watu wanne wa zamu: kijana wa msikiti, mwanafunzi wa madrasa, mwalimu wa skuli, jirani. Januari na Februari ndiyo mtihani wao.

Utaniambia, "Sheikhe, si bidaa hiyo?" Hapana. Hatuweki ibada mpya wala siku ya kukusanyika kufanya mambo ya ajabu. Na tusipande juu ya makaburi, maana kuna khilafu ya wanavyuoni hapo. Tutafute uwanja wa msikiti au wa skuli, kwa idhini. Bora zaidi, mwenye kiwanja akitoe wakfu, kiandikwe rasmi, ili kesho asije mtu na tofali akasema hapa patafaa duka.

Basi wewe unayesoma, usiandike "Amin" tu ukapita. Nani ana mche wa mkunazi? Nani ana kiwanja? Nani yuko tayari kubeba ndoo mwezi wa Februari wakati hakuna anayemtazama?

Ewe Mola, warehemu waliozama, wape subira waliobaki, na utujaalie tuwe watu wa kumwagia, si wa kupanda tu. Amin.

Wabillahi tawfiq.