Mbele ya kuchukua simu ya deni, pimeni rezo ya kilima chenu

Wandugu wakulima, karibu kila mkutano wa koperative siku hizi unamalizika na maswali mawili. La kwanza: kati ya mitandao hii ya simu, tuchukue upi? La pili: hawa vijana wanaopita na simu kubwa za kulipa kidogo kidogo, tuwakubali ao tuwakatae? Sisi tunaoandika ukurasa huu tuko na mawazo yetu, na tunajua wengine kati yenu hawatayapenda. Tunaona kwamba maswali haya mawili ni swali moja, na kwamba wengi wetu tunalijibia mjini wakati jibu liko nyumbani.

Tuwaambie kwanza ile siku ya malipo. Msimu uliopita, koperative moja ya kwetu, upande wa Kalehe, iliamua kuacha kubeba makuta ya kahawa ndani ya mfuko, juu ya pikipiki. Sababu kila mtu anaijua. Kamati ikasema: tulipe kwa simu. Mshika makuta akashuka Bukavu, akaona bango kubwa limeandikwa 4G, akajaribu simu pale pale mbele ya duka, ikakimbia vizuri kabisa. Akarudi na habari njema, na kila mwanamemba akatafuta kadi SIM ya mtandao ule.

Siku ya kulipa, wale wanaokaa karibu na barabara walipata ujumbe asubuhi. Wale wa nyuma ya kilima hawakupata kitu. Mama mmoja mzee alitembea saa mbili mpaka barabarani, simu mkononi, akiinyanyua kila penye uwazi. Alipofika, ujumbe ukaingia. Akaenda kwenye kabine kutoa makuta yake, mwenye kabine akamwambia: "Mama, leo noti zimeniishia, urudi kesho." Makuta yalikuwa yake, hakuna mtu aliyemwibia, na bado usiku ule alirudi nyumbani mikono mitupu.

Jina la mtandao ule hatulitaji, na si kwa kuogopa. Koperative ya kilima cha pili inausifu mtandao uleule na kulalamikia ule ambao sisi tunausifu. Wote wawili wanasema kweli.

Huku kwetu tunaosikia zaidi ni watatu: Vodacom, namba za 081 na 082, Airtel, namba za 097 na 099, ambayo wazee bado wanaiita Celtel, na Orange, namba za 084 na 085, pamoja na zile za 089 zilizokuwa za Tigo mpaka Orange ilipoinunua mwaka 2016. Kila mmoja atakuambia ndiye wa kwanza. Labda ni kweli kwa Kinshasa, labda kwa Lubumbashi. Lakini mawimbi ya simu hayapiti ndani ya mlima. Antene ikiwa upande wa ziwa na nyumba yako iko upande wa msitu, ukubwa wa kampuni hautakusaidia. Na mara nyingi mawimbi ya 4G hayafiki mbali kama yale ya 2G ya zamani. Ndiyo maana simu ileile inaandika 4G sokoni, na ukipanda nusu saa tu inaandika E, kisha haiandiki kitu tena.

Kuna jambo lingine ambalo bango halisemi. Antene nyingi za vijijini hazina umeme wa SNEL. Zinaishi kwa pano za jua na betri, ao kwa jenereta ya mazuti. Mvua ikikata barabara, mazuti hayapandi, na antene inalala. Ukitaka kujua mtandao gani ni mzuri kwenu, uliza ni antene gani ilibaki inasimama mwezi wa kumi na moja, mvua ilipokuwa kali. Na usidanganywe na vijiti vya rezo. Vijiti vinakuonyesha tu kwamba simu inaisikia antene. Siku ya soko vinaweza kujaa vyote, na bado hakuna simu inayopita, kwa sababu watu wote wanapiga kwa wakati mmoja.

Sasa, tunahitaji rezo ya kazi gani? Hapa ndipo tunaona watu wanapoteza makuta bure. Kupokea na kutuma makuta hakuhitaji intaneti. M-Pesa unaingia kwa *1122#, Airtel Money kwa *501#, Orange Money kwa *144#, na hiyo yote inapita kwa 2G, hata kwa simu ndogo ya vitufe ambayo betri yake inakaa siku nne. Mwanamemba anayetaka tu kulipwa kahawa yake na kumtumia mtoto wa shule hana deni lolote la kuchukua. Ile simu ndogo inamtosha, na ikianguka ndani ya maji haumizwi sana.

Simu kubwa iko na kazi yake, hatukatai. Agronomi anapiga picha ya jani lenye ugonjwa na kuituma. Karani anafuata bei kwa WhatsApp. Na tangu sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 juu ya misitu, wanunuzi wanauliza kahawa na kakao zimetoka shamba gani, kwa alama za GPS. Kwa shamba lisilozidi hekta 4, alama moja inatosha. Watu wengi wanafikiri kazi hiyo inaomba rezo ya nguvu. Haiombi. GPS inatoka kwa setelaiti. Unaweza kupima mashamba siku nzima bila kijiti kimoja cha rezo, kisha jioni ukashuka barabarani kutuma. Kwa hiyo simu mbili ao tatu za koperative zinaweza kuhudumia wanamemba wote. Hakuna haja kila nyumba iingie deni juu ya kazi hiyo.

Kupima rezo hakugharimu kitu, kwa maana tayari mtandao kila mmoja uko ndani ya mfuko wa jirani fulani. Sisi tulifanya hivi: tulikusanya simu tatu za mitandao mitatu, tukaenda nazo mahali panne: kwenye depo, kwenye kituo cha kuoshea kahawa, nyumbani kwa mwanamemba wa mbali zaidi, na kwenye kabine. Kila mahali tulipiga simu, tukafungua menyu ya makuta, tukatuma faranga kidogo. Tulirudia asubuhi, jioni, na siku ya soko. Mtandao tuliokuwa tunaudharau ndio ulioshinda kwa depo. Kwa mwanamemba wa mbali, hakuna hata mmoja uliofanya vizuri, na hilo nalo ni jibu: yule baba tutaendelea kumlipa mkononi.

Ndugu wa Idjwi na wa kando ya ziwa muongeze jambo moja. Huko simu inapenda kushika rezo za Rwanda, na inite zako zinakwisha bila kujua. Ingia kwenye mipangilio ya simu, uchague rezo kwa mkono, na ufunge ile roaming.

Na kabine msiisahau. Benki za Goma na za Bukavu zilipofunga milango mwaka 2025, simu ndiyo iliyobaki, na wengi wetu tulishukuru. Lakini tuliona pia kwamba makuta ya ndani ya simu bila noti kwenye kabine ni kama muhogo ulio shambani kwa mwingine. Tunadhani kamati ingehesabu kabine mbele ya kuhesabu antene: ni ngapi zinazofikika kwa mguu, na kila moja inaweza kutoa kiasi gani siku ya malipo. Mkubaliane na wenye kabine siku tatu mbele, na mlipe kwa zamu, kijiji hiki leo, kile kesho.

Tukuje kwa simu ya deni.

Namna yake mnaijua. Unatoa avansi, unapewa simu, kisha unalipa kila siku ao kila juma. Ukichelewa, simu inajifunga mpaka ulipe. Tuchukue mfano, si bei ya kampuni fulani. Simu inauzwa dola 60 kwa makuta taslimu. Kwa deni wanaomba avansi ya dola 20, kisha senti 30 kila siku kwa siku 240. Senti 30 hazimtishi mtu. Lakini 30 mara 240 ni dola 72, na avansi ni 20: jumla dola 92. Umeazima dola 40, umeongeza 32 juu yake. Ukiazima hizo 40 kwa AVEC yenu inayotoza dola 5 kwa 100 kila mwezi, miezi minane ni dola 16, hata kama mtaji wote unaurudisha mwisho tu. Na hizo 16 zinabaki ndani ya sanduku, siku ya kugawana zinarudi kwenu.

Kitu kinachotusumbua zaidi ni kalenda. Mtu wa duka anaingiza kila siku, naye analipa kila siku bila shida. Mkulima wa kahawa anaingiza kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa sita, kisha anakaa na maharagwe na deni la shule. Mwezi wa kumi simu inafungwa, na pengine ni wakati uleule mnunuzi anapotuma bei. Na muulize tena: deni ni la dola ao la faranga? Likiwa la dola na nyinyi mnalipa kwa faranga, ni nani anayeamua kiwango cha kubadilisha, na cha siku gani? Mkataba mara nyingi uko kwa Kifaransa. Hakuna haya kumwomba mwalimu akusomee wote, mpaka maandishi madogo ya chini.

Na hapa ndipo rezo na deni vinapokutana. Mwanamemba wetu mmoja, kijana mwenye bidii, alikuwa analipa bila kukosa. Juma moja antene ya kwao ililala. Alishuka barabarani, akalipa, akapata ujumbe kwamba malipo yamepokelewa. Akarudi nyumbani. Usiku simu ikajifunga. Kwa nini? Simu ya namna hiyo inahitaji intaneti ili kupata amri ya kubaki wazi, na kwake haikuwepo. Amelipa, na simu imekufa mkononi. Alirudi barabarani kesho yake kuifungua, akapoteza siku ya palizi. Jambo hilo lilimpata mara tatu mbele ya kumaliza deni. Kampuni ilimjibu kwamba mfumo ndivyo ulivyo. Ndiyo maana tunasema: kama nyumbani kwako hakuna intaneti angalau mara moja kwa siku, simu ya kujifunga usiichukue, hata kama avansi ni ndogo namna gani.

Vijana watatujibu, na walikwisha kutujibu kwenye mkutano: "Nyinyi wazee mtatuambia tungoje mpaka lini? Dola 60 kwa mara moja hatutazipata." Wako na haki. Wengine kati yao wamelipa mpaka mwisho, leo simu ni yao na wanaitumia kuuza nyanya. Kwa yule anayekaa barabarani, mwenye kuingiza kidogo kila juma, deni hilo linaweza kufaa. Kwa wengine tunapendekeza koperative inunue simu kadhaa taslimu, na kila mtu akatwe kidogo kwa kila kilo wakati wa mavuno, aandikiwe ndani ya daftari na apewe risiti. Ni polepole, tunajua.

Mbele ya kutoa makuta yoyote, piga *#06# kwenye simu, namba itakayotokea ulinganishe na ile iliyoandikwa kwenye karto. Zikitofautiana, rudisha. Na kadi SIM iandikishwe kwa jina la yule atakayepokea makuta. Wamama wengi wanalipwa kwa namba iliyo kwa jina la bwana, ao la shemeji aliyekwisha kuhamia mjini. Ile namba ikipotea, ni shemeji anayepaswa kwenda dukani kuidai, si mama aliyechuma kahawa. Kwa simu yoyote, ya deni ao ya taslimu, makuta hayako ndani ya chombo, yako ndani ya namba. Kama chombo kimefungwa, toa kadi SIM, iweke ndani ya simu ndogo ya jirani, utoe makuta yako na namba yako ya siri, kisha uirudishe.

Karatasi yetu ya majaribio iko ukutani kwa depo, na safu ya mwisho bado iko wazi kwa sababu hatujapima mwezi wa kumi na moja. Koperative zitakazopima vilima vyao watuletee matokeo mbele ya mavuno, tuyaweke hapa na jina la kila kijiji, ili yule anayehamia kwa shemeji zake ao anayefungua depo mpya asianzie kwenye bango la mjini kama sisi tulivyoanza.