Daftari kwa Wakulima wa Mwani

Tangu kilimo cha mwani cha biashara kilipoanza Paje na Jambiani, Unguja, mwaka 1989, mama zetu hufunga mbegu kambani, hungoja bamvua wavune, huanika, kisha huuza kwa kilo. Bei huipanga mnunuzi. Baadhi yao wamejifunza kuusaga mwani na kuutia katika sabuni, na hapo thamani huongezeka. Twawapongeza, lakini ufundi wa sabuni peke yake si biashara. Asiyehesabu mafuta ya nazi, nauli na siku zake za kazi aweza kuuza kwa hasara mwaka mzima, huku akishukuru wingi wa wateja.

Semina ya siku mbili haimfundishi hilo. (Posho, tusifichane, ndiyo huwajaza watu.) Sisi twaona daftari lifundishwe madrasa, baada ya Alasiri, mwezi mzima, kila mama aje na hesabu zake mwenyewe. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, ya 282 ya Suratul-Baqarah, yaamrisha deni liandikwe. Hata hivyo mikopo mingi vijijini mwetu ingali ya mdomo, na wazee wa msikiti huitwa udugu ulipokwisha kuvunjika.