NYUMBA NA UFUNDI: Sakafu Hailii Bure

Katika uwanda wa Kitengela, nyumba zilizoundwa kiwandani si kitu cha kushangaza tena. Lori huleta kuta, paa na sakafu vikiwa vipande, mafundi huviunga juu ya nguzo fupi au matofali ya saruji, na jamaa huingia na vyombo vyao mapema kuliko angalivyoweza mtu wa kujenga kwa mawe. Furaha ni kubwa. Lakini mvua zikija na kupita, mwenye nyumba huanza kusikia mlio chini ya miguu yake kila aendapo jikoni. Baadaye mlango wakataa kufungwa, na gololi ya mtoto ikiangushwa sebuleni yaenda yenyewe mpaka pembeni.

Nyumba za namna hii zina historia ndefu katika nchi ya Kenya. Reli ya Uganda ilipofika Nairobi mwaka 1899, wafanyakazi wake wengi walikaa katika nyumba za mbao na mabati, na baadhi ziliinuliwa juu ya nguzo. Nguzo hizo zilikuwa na maana: hewa ipite chini, unyevu usiguse mbao, na mchwa aonekane kabla hajapanda. Mwenye nyumba wa leo akumbuke kwamba nafasi iliyo chini ya sakafu yake si ghala la makopo na kuni. Ni mlango wa fundi, na ni kinga ya nyumba.

Sababu ya sakafu kupinda, mara nyingi, haimo katika sakafu. Imo katika udongo. Sehemu kubwa ya Kitengela imefunikwa na udongo mweusi wa mbuga, ambao mafundi huuita udongo wa pamba. Udongo huu ukinywa maji huvimba, na ukikauka husinyaa na kufanya nyufa zinazoweza kumeza mkono. Miaka ya ukame kutoka mwisho wa 2020 mpaka mwanzo wa 2023 iliukausha sana. Kisha zikaja mvua kubwa za mwisho wa 2023 na za Machi hadi Mei 2024, ukavimba. Nguzo iliyosimama juu yake hupanda na kushuka pamoja nao. Kama nguzo zote zingepanda sawasawa, hapana ambaye angetambua. Taabu ni kwamba upande mmoja hupata maji na upande wa pili haupati.

Kajiado mjini, kiasi cha kilomita 50 kusini kwa barabara ya Namanga, mambo ni mengine. Huko pana sehemu nyingi za udongo mwekundu wenye mchanga, na mwamba hauko mbali. Udongo huo hauinui nyumba kama ule mweusi, lakini adui wa huko ni mchwa. Kwa hiyo mlio ule ule waweza kuwa na sababu mbili, na dawa ya Kitengela isipelekwe Kajiado bila kutazama chini kwanza.

Mfano wa mambo yanavyotukia ni kama huu. Mama mmoja wa Kitengela ametumia akiba yake ya chama ya miaka mingi kununua nyumba ya vyumba viwili. Sakafu imeinuka katikati, na mkwewe, ambaye ni mzee, amejikwaa hapo na kuumia mkono. Fundi wa kwanza amwambia kwamba dawa ni kumwaga zege juu ya mbao ili pawe sawa. Shauri hilo ni la hatari. Zege la inchi 2 katika chumba cha futi 10 kwa 12 lina uzito wa zaidi ya tani moja, na mzigo huo wote waziangukia boriti ambazo hazikuundwa kuubeba.

Fundi wa pili, mtu wa makamo, hakutoa nyundo. Aliizunguka nyumba, kisha akauliza:

"Mama, maji ya kuogea yanakwenda wapi?"

"Hapo nyuma tu, fundi. Nayanyweshea migomba yangu."

"Basi, mama, migomba hiyo ndiyo inayoinua nyumba yako."

Maneno yake yalikuwa ya kweli. Udongo wa nyuma ulikuwa umelowa mwaka mzima, na wa mbele umekauka kama tofali. Tena paa halikuwa na mfereji, na maji yote ya mvua yalianguka penye nguzo.

Kwa hiyo kazi ifuate taratibu yake. Kwanza, maji yaondolewe. Mifereji ya bati itiwe pembezoni mwa paa, maji ya mvua na ya kuogea yapelekwe mbali na nyumba, na ardhi iliyo kando ya nguzo iteremke kwenda nje. Migomba ihamishwe, na mikaratusi isipandwe karibu, maana hunywa maji mengi na kuukausha udongo upande mmoja.

Pili, sakafu ipimwe. Mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani yake watosha, kwa kuwa maji hukaa sawa katika ncha zote mbili. Vipimo viandikwe, navyo virudiwe baada ya kiangazi na baada ya mvua. Nguzo ambayo haitulii sharti ichimbiwe upya, kuupita udongo mweusi mpaka kwenye moramu au mwamba.

Tatu, sakafu isawazishwe. Jeki iwekwe juu ya ubao mnene, na boriti ipandishwe kidogo kidogo, si zaidi ya robo inchi kwa siku, ili kuta zisipasuke. Mtu asiingie chini kabla ya kuweka magogo ya kushikilia mzigo, kwa sababu jeki yaweza kuteleza. Pengo lijazwe kwa bamba la chuma au kabari ya mti mgumu, wala si kwa jiwe lililookotwa.

Nne, na hapo tu, mbao zishughulikiwe. Mtu mmoja atembee juu na mwingine asikilize chini, na kila penye mlio patiwe alama ya chaki. Kwa kawaida mlio hutoka kwa msumari uliolegea, unaopanda na kushuka ndani ya tundu lake. Kupigilia msumari mwingine hunyamazisha kwa muda tu. Skrubu iliyoshika boriti hudumu. Boriti zikiwa nyembamba au mbali mbali, vipande vya mti vifungwe kati yake. Mti ulioliwa na mchwa ukatwe wote na kubadilishwa kwa mti uliotiwa dawa, na njia za udongo zinazopanda nguzoni zivunjwe na kuchunguzwa kila mwezi.

Yule mama aliambiwa angoje mpaka udongo utulie kabla ya jeki kuletwa. Halikuwa jambo rahisi, maana mzee bado alipita pale kila asubuhi; basi fundi alipigilia ubao mwembamba wa mteremko mahali pa kujikwaa, ili mzee apite salama wakati wa kungoja.

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Neno hilo ni kweli. Lakini katika uwanda wa Kitengela yafaa kuongeza kwamba azibaye ufa bila kuutazama udongo ataziba kila mwaka, na kila mwaka atalipa.