Unazima habari za siasa kwenye simu? Angalia usizime na bei ya mkate

Udaku, matusi ya wanasiasa, ajali, ubishi wa Simba na Yanga. Ukifungua simu asubuhi, hivyo ndivyo vinavyokupokea, na watu wengi wamechoka.

Ripoti ya mwaka 2024 ya taasisi ya Reuters iliyopo Chuo Kikuu cha Oxford ilikuta watu 39 kati ya kila 100 wanakwepa habari, wengine mara kwa mara, wengine siku mojamoja. Mwaka 2017 walikuwa 29. Utafiti huo uligusa nchi na maeneo 47, Kenya ikiwemo.

Dawa inayopendekezwa ni kuchuja. Mtandao wa X unaruhusu kunyamazisha neno usilolitaka. Kwenye habari za Google unagusa vidoti vitatu na kusema mada fulani haikuvutii. YouTube nao wana kitufe cha namna hiyo.

Je, vinafanya kazi? Mwaka 2022 taasisi ya Mozilla ilitumia taarifa za watu zaidi ya 20,000 waliojitolea kupima vitufe vya YouTube. Kile cha kusema video haikuvutii kilizuia asilimia 11 tu ya video zisizotakiwa. Kile cha kuzuia chaneli nzima kilifika asilimia 43. YouTube walijibu kwamba vitufe vyao havikutengenezwa kufuta mada nzima.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna tatizo lingine. Kichujio cha maneno kinatafuta neno kama ulivyoliandika, lakini kitenzi cha Kiswahili hakikai sura moja. Umezima "kuuawa", kesho inakuja habari yenye "ameuawa", jioni "wameuawa". Zote zinapita.

Upande wa pili, kichujio kinabeba visivyohusika. Aliyechoshwa na mpira akizima neno "Simba", anapoteza pia habari za simba wa Serengeti.

Hayo bado ni madogo. Kubwa ni kwamba siasa haikai peke yake kwenye kisanduku chake. Mwaka 2024 Muswada wa Fedha nchini Kenya ulipendekeza mkate utozwe VAT ya asilimia 16. Ushuru wa ada za kutuma pesa kwa simu nao ulipangwa kupanda kutoka asilimia 15 hadi 20. Pendekezo la mkate liliondolewa Juni 18, na Juni 26 Rais William Ruto akasema hatausaini muswada huo, siku moja baada ya waandamanaji kuingia bungeni.

Sasa mchukulie muuza chai aliyezima "bunge", "muswada" na "maandamano" kwa sababu ya kelele. Habari iliyogusa mkate wake na pesa anazopokea kwa simu ingempita hivihivi. Kama mapendekezo hayo yangepita, angekuja kuisikia dukani, bei ikiwa imeshabadilika.

Hii haina maana kwamba mtu avumilie kila kitu. Aliyefiwa ana haki ya kutotazama picha za ajali, na anayejaribu kuacha kamari hahitaji matangazo ya kubeti kila dakika.

Ila kuna namna ya kuchuja bila kujifunga macho. Anza na chanzo: kurasa inayoishi kwa matusi na vichwa vya habari vya uongo, izuie yote. Kama ni neno, lizime kwa muda. X inakupa saa 24, siku 7 au siku 30, na hizo zinatosha kwa mtu asiyetaka kujua matokeo ya mechi kabla hajaitazama. Kuzima moja kwa moja kuache kwa vitu ambavyo hata usipovijua havitagusa mfuko wako, afya yako wala kura yako.

Halafu kila mwezi rudi kwenye mipangilio, uone ulizima nini. Wengi huwa wameshasahau.