Nyumba ya Nairobi Ambayo Ingali Mchoro

Ndugu msomaji uliyeko Kampala, kabla hujalipa arubuni ya nyumba ambayo bado haijajengwa kule Nairobi, achana na nyumba ya maonyesho na marumaru zake. Uliza kwanza ardhi ni ya nani. Huenda kiwanja kimewekwa rehani, na kampuni ikishindwa kulipa deni, benki yaweza kukiuza hali wewe umeshika risiti tu. Mtume wakili wako, si yule uliyetafutiwa na muuzaji, akapekue daftari la ardhi. Tena, Kifungu cha 65 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humruhusu asiye raia kukodi ardhi kwa miaka isiyozidi 99, wala kutoka kwetu Afrika Mashariki hakulegezi sharti hilo. Anayekuahidi umiliki wa milele anakuuzia asichoweza kukupa.