Ulimi wa mteja hauna mpaka

Kila mfanyabiashara wa mpakani amewahi kuambiwa: "Bidhaa hiyo watu wa huku hawaitaki." Mara nyingine ni kweli, lakini ni kweli ya leo tu. Ladha ya watu huhama, na bia ya Marekani ni ushahidi mzuri.

Hadi miaka ya 1840, Wamarekani waliokunywa bia walikunywa zaidi ile ya mtindo wa Kiingereza. Ndipo wahamiaji wa Kijerumani wakaja na laga, bia inayokomazwa kwa wiki kadhaa mahali penye baridi. Milwaukee na St. Louis zikajaa viwanda. Shayiri ya Marekani ilikuwa na protini nyingi, ikaifanya bia iwe na ukungu, hivyo watengenezaji wakachanganya mahindi na mchele. Bia ikawa angavu na nyepesi. Kinywaji cha wageni kikawa cha wenyeji.

Mwaka 1920 pombe ilipigwa marufuku nchi nzima hadi 1933. Viwanda vingi vidogo vilikufa. Wakubwa waliosalia wakaendelea kununuana na kujitangaza, na bia ikafanana kila jimbo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970, nchi nzima ilikuwa na viwanda visivyofika 100. Ungeuliza, ungeambiwa Mmarekani hataki bia chungu.

Mwaka 1978 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyoruhusu watu kujitengenezea bia nyumbani kwa matumizi yao bila kodi. Baadhi ya waliojifunzia nyumbani walifungua viwanda vidogo. Sierra Nevada ilianza mwaka 1980 huko California na bia chungu yenye harufu kali ya hopsi, ikapata wanywaji. Leo viwanda vya bia Marekani vimezidi 9,000.

Mwaka 2023, Modelo Especial inayotengenezwa Mexico iliipita Bud Light kwa thamani ya mauzo madukani. Ni kweli Bud Light ilikuwa imesusiwa na baadhi ya wateja wake, lakini Modelo ilikuwa ikipanda kwa miaka mingi. Watu wenye asili ya Mexico walianza kuinunua, majirani zao wakafuata.

Kwetu, jambo hili lina uzito. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unamruhusu mfanyabiashara mdogo kuvusha bidhaa zilizoorodheshwa, za thamani isiyozidi dola 2,000, bila ushuru wa forodha, kwa cheti rahisi cha uasili. Serikali zisiuminye mlango huo kwa tozo na vibali vipya. Nasi tuutumie kujaribu: vusha katoni chache za unga, asali au juisi ya upande wa pili, uzipeleke kwanza kwa wahamiaji wanaoijua ladha hiyo, kisha utazame jirani zao wanarudi kununua nini.